Santuri Iliyochukuliwa Msibani

Kwenye kundi letu la simu la wakusanyaji wa santuri, watu hutafuta zilezile. Wanataka bendi zilizovuma Dar es Salaam, au za Kinshasa, au wapiga tarumbeta wa Marekani ambao sura zao zinajulikana hata na wasiosikiliza muziki. Sijawahi kuona mtu akiulizia bendi za miji ya reli: makarani, mafundi wa karakana na walimu wa shule za msingi waliojiita jazi, wakashonewa suti za rangi moja, wakapanda treni kwenda kurekodi, wakarudi kazini wiki iliyofuata. Santuri zao zilitoka chache. Nyingine jalada lake ni karatasi tupu yenye tundu katikati.

Hizo ndizo ninazotafuta mimi. Nilipomaliza chuo nilirudi Tabora kusubiri kazi, na kusubiri kumenifanya niwe mtu wa kulipindua jambo moja mara kumi na mbili. Wiki mbili nzima nilijiuliza kama muziki huu una haki ya kuitwa jazi. Kisha nikapata santuri ya kwanza huko Ntalikwa, kwa mama mmoja aliyekuwa akiifunikia mtungi wa maji, nikaacha kujiuliza.

Niliiosha kwa sabuni kidogo, nikaikausha kwa kanga kuukuu, nikashusha sindano. Magitaa matatu yalianza kuongea kama majirani wanaosalimiana juu ya uzio, kila mmoja akimwachia mwenzake nafasi. Ngoma chini yao haikukimbia wala haikulala. Ilikuwa na mwendo wa watu waliobeba mizigo mizito na wanaojua kwamba safari bado ndefu. Njia ya misafara ya zamani ilipita hapa kwetu, kutoka pwani kwenda ziwani, na waliobeba ni wazee wetu. Sijui kama mpiga ngoma yule aliwaza hayo. Mimi niliyawaza mpaka wimbo ukaisha na sindano ikabaki inakwaruza, nami nimekaa sakafuni nisijue nimekaa muda gani.

Naishi Gongoni kwa bibi yangu mzaa mama. Siku ile alikuwa hatua tatu kutoka kwenye spika, anachambua mchele. Nilimuuliza ameuonaje muziki.

"Muziki gani, mume wangu?"

Bibi huniita mume wake tangu nizaliwe, kama mabibi wote. Nilidhani ananitania. Hakuwa ananitania. Masikio yake yalikuwa yanaziba, na kwa muda mrefu alikuwa ametuficha kwa kujibu maswali yetu kwa kukisia. Hospitalini walimpima, wakasema usikivu utaendelea kupungua na hakuna awezaye kusema utakwisha lini. Tulipotoka nje aliniambia jambo moja tu, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, watu wawili wakageuka.

"Nataka kumsikia babu yako kabla."

Babu alikuwa mpuliza saksafoni. Hilo nililijua kwa picha moja ya ukutani. Nisilolijua ni kwamba bendi yake ilitoa santuri kubwa moja, nyimbo nane, na kwamba nakala yake ilikuwepo nyumbani.

"Iko wapi?" nilimuuliza karibu na sikio.

"Kwa mtani. Ilichukuliwa msibani."

Wanyamwezi na watu wa pwani ni watani tangu enzi za misafara. Mtani wako akifiwa, wewe huendi kulia. Unakwenda kufanya fujo: unamwiga marehemu, unadai deni lisilokuwepo, unanyakua kitu alichokipenda na kutoka nacho, mpaka wafiwa wacheke wakikomboe. Kisipokombolewa hakirudi, kwa maana kukirudisha hivihivi ni kusema marehemu hakuacha watu.

Babu alipofariki nilikuwa na miaka sita. Mtani wake, fundi cherehani Mzaramo wa mtaa wa Ng'ambo, aliingia akitembea kwa maringo ya babu, akaichukua santuri kabatini, akatoka nayo kichwani kama sinia. Mjomba wangu, mtoto wa kwanza, alikuwa ameshuka kwenye treni asubuhi hiyohiyo akiwa na huzuni na uchovu. Alimwambia hapa si mahali pa mchezo, akafunga mlango. Mambo yakaishia hapo. Bibi asingeweza kuikomboa mwenyewe, kwani mjane ndiye anayefanyiwa. Kazi hiyo ni ya watoto na wajukuu. Gramafoni ya nyumbani ikaharibika, na wengine wakasahau.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa mtoto," alisema bibi. "Halafu ukawa msomi."

Nilifikiri siku tisa. Je, kama aliivunja? Kama aliigawa? Kama bado ana kinyongo cha ule mlango? Nikienda mikono mitupu nitaonekana sina adabu, nikienda na zawadi nitaonekana namhonga. Mwisho nikafanya kile chuo kilichonifundisha kufanya ninapoogopa. Niliandika barua. Niliipiga chapa, nikaweka anwani kulia, nikaandika "Yah: Ombi la kurejeshewa santuri ya marehemu," na chini nikasaini kwa jina kamili.

Nilimkuta fundi kibarazani kwake Ng'ambo, mzee mwembamba mwenye futi ya kupimia shingoni, na kina mama wawili wakingoja sare zao za harusi. Nilimwamkia shikamoo nikiwa nimeinama. Nikajitambulisha kuwa mjukuu wa nani. Nikampa barua kwa mikono miwili. Alivaa miwani, akaanza kuisoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio.

"'Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.'" Akajipapasa utosini. "Kichwa gani? Hiki hapa?"

Kina mama wakaanza kucheka.

"Mtani wangu alikuwa simba," aliwaambia. "Kumbe amekufa ameacha karani." Kisha akanigeukia. "Shikamoo umenipa. Mikono miwili umenipa. Imebaki unioshe miguu. Nani alikufundisha kumheshimu Mzaramo, wewe?"

"Samahani, mzee," nilisema.

"Ananiomba na msamaha." Alitikisa kichwa kama daktari aliyeona majibu mabaya. Aliigeuza barua, akaitandika mezani, akachukua chaki na kuchora umbo la kola mgongoni mwake. "Karatasi ngumu, nzuri. Nitakatia mashati. Nenda kamwambie bibi yako mzigo wake bado haujapata mbebaji."

Nilirudi nyumbani masikio yakiwaka. Nilipomsimulia bibi, nikirudia kila neno mara mbili ili alipate, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Umemtukana," alisema. "Umempa heshima ya mtu baki. Miaka yote hii anangoja nyumba hii imshushue, wewe unampelekea barua."

Kwa hiyo nilikaa chini nikatunga matusi ya utani. Niliyaandika kwenye daftari, nikayapanga: ya uvivu, ya ngoma, ya kupenda harusi. Niliyasoma usiku na kuyaona hayachekeshi, nikayapanga upya. Kama mambo yangekuwa yangu peke yangu, nadhani ningekuwa nayapanga hadi leo. Lakini asubuhi moja bibi alikuja akakaa upande wangu wa kushoto, ukumbini, na nilipomsemesha hakugeuka. Nikasema tena. Akanitazama midomo, akainuka polepole, akahamia upande wa pili. Sikio la kushoto lilikuwa limekwisha. Niliacha daftari juu ya kitanda nikaenda Ng'ambo.

"Karani amerejea," fundi alisema bila kuinua uso. Alikuwa kwenye cherehani yake, mguu juu ya pedeli. "Leo umekuja na muhuri?"

Matusi yote yalinitoka kichwani. Nilisimama pale, vijana wa duka la jirani wakinitazama, na nikaona kitu kimoja tu, kwamba yeye amekaa na mimi nimesimama.

"Nimekuja kuangalia kama mmeshajifunza kusimama," nilisema. "Tangu enzi za misafara sisi tunatembea miezi mitatu na mizigo kichwani, tukifika pwani tunawakuta mmekaa vilevile tulivyowaacha. Naona na wewe bado umekaa."

Cherehani ilinyamaza. Fundi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.

"Rudia."

Nikarudia. Magoti yalitaka kuinama kama siku ile ya barua.

"Magoti ni ya karani," alisema kwa utulivu, "lakini mdomo ni wa yule mzee." Akainuka, na vijana wa jirani wakapiga makofi kwa kuwa amesimama. Alifungua skrubu, akaing'oa cherehani yenyewe, chuma kitupu cheusi, kutoka kwenye meza yake. Akasokota ngata ya mabaki ya vitambaa, akaniwekea utosini. "Mpagazi hakomboi kwa fedha. Anabeba. Beba hadi kwa bibi yako."

Nilibeba. Kutoka Ng'ambo hadi Gongoni si mbali kwa mtu asiye na chuma kichwani. Fundi alinifuata nyuma na kifurushi kwapani, akipiga makofi ya mwendo na kuwatangazia wenye maduka kwamba huu ndio msafara wa mwisho, waje waone Mnyamwezi mwenye shahada. Mwanzoni niliona aibu. Halafu shingo ikauma kiasi kwamba aibu ilikosa pa kukaa, nikajikuta nikiwaambia watu kwamba mzigo mzito ni huu unaonifuata nyuma, kwa sababu huo unaongea. Walicheka. Nilitembea kufuata makofi yake, na mahali fulani njiani niliutambua mwendo. Ulikuwa uleule wa ngoma, usiokimbia wala kulala. Nilipata baridi mgongoni mchana wa jua kali.

Bibi alikuwa mlangoni. Hawakuwa wameonana tangu mlango ule ufungwe.

"Umezeeka, mwizi," alisema bibi.

Fundi aliinama kwenye sikio lake la kulia na kupaza sauti, mtaa mzima ukasikia. "Na wewe mpaka leo hujapata mume mwingine? Niliwaambia, yule alikuoa kwa sababu mkutano wa bendi uliahirishwa."

Bibi alimpiga begani na kumvuta ndani.

Kifurushi kilikuwa mfuko alioushona yeye, wa kitambaa kizito cha bluu. Alisema ni mabaki ya suti za bendi. Yeye ndiye aliyewashonea wote. Ndani yake santuri ilitoka nyeusi kabisa, na nilipoishika kwa kingo niliona dirisha letu limejipinda juu yake, bila mkwaruzo hata mmoja.

"Sijawahi kuipiga," alisema. "Kitu cha msiba hakiguswi mpaka kikombolewe."

Hakuna orodha yoyote ya wakusanyaji iliyo na santuri ile. Nimetafuta. Niliiweka kwenye gramafoni yangu, nikashusha sindano, na sikuwa nimejiandaa. Gitaa moja lilianza peke yake, kavu, kama mtu anayebisha hodi. La pili likamwitikia. Tarumbeta ikaja kutoka mbali, kana kwamba mpigaji amesimama nje ya chumba. Halafu saksafoni ikaingia, pana, yenye mkwaruzo kidogo, na nikaelewa kwamba ile ni pumzi. Mtu niliyemkumbuka kwa picha moja tu alikuwa anapumua ndani ya nyumba yetu. Fundi alikuwa ameinamisha kichwa.

Bibi alinitazama, kisha akatazama spika.

"Bado hajaingia?" aliuliza.

Saksafoni ilikuwa katikati ya ubeti. Niliongeza sauti mpaka kioo cha kabati kikalia, na yeye akaendelea kungoja kwa adabu, mikono mapajani, kama mtu aliye kwenye foleni. Nikawaza siku zangu tisa, na barua, na daftari.

Fundi aliinuka, akainyanyua sindano bila kuniuliza.

"Cherehani yangu mimi siisikii kwa masikio siku hizi," alisema. "Uzi ukikwama nausikia kwa goti." Akalibeba kasha la spika, la mbao, akaliweka juu ya meza ndogo mbele ya bibi. Akamshika kichwa kwa viganja viwili, taratibu, kama anayempima kofia, akamlaza mfupa wa nyuma ya sikio la kulia juu ya ubao. "Anzisha."

Nikaanzisha. Gitaa la kwanza. La pili. Uso wa bibi haukubadilika. Tarumbeta ikapita. Saksafoni ikaingia, na bibi akafumba macho. Kidole chake kimoja kikaanza kupanda na kushuka juu ya meza, na niligundua kwamba hakikuwa kikifuata ngoma. Kilikuwa kinamfuata babu. Kilipanda alipopanda, kikangoja alipovuta pumzi.

Wimbo ulifika mahali ambapo saksafoni inachomoza ghafla, peke yake, na tarumbeta inaikimbilia nyuma kama inayoomba isubiriwe. Nilikuwa nikijiambia kwamba hapa ndipo penye uzuri wote wa santuri hii, na kwamba nitawaandikia hivyo wale wa kundi la simu.

Bibi alifumbua macho.

"Hapo," alisema. "Hapo amekosea. Alitakiwa angoje tarumbeta. Nilimwambia siku ileile aliporudi nayo, akasema nani atasikia."

Fundi alijifuta uso kwa futi yake ya kupimia.

"Rudisha nyuma, mume wangu," bibi alisema. "Anzia kabla hajakosea."

Nikainua sindano na kuitafutia mahali kwa jicho. Nilipogeuka, kichwa chake kilikuwa tayari juu ya ubao.