Futi za Kuongeza

Nyumba yetu ya Kiwalani iko kwenye njia ya ndege. Zikishuka, mabati hutetemeka na mazungumzo husimama, halafu tunaendelea pale tulipoishia. Nimefundisha shule ya msingi hapa hapa mpaka nimestaafu, na sauti imebaki ile ile ya kushindana na injini. Kelele nilizizoea zamani. Ila tangu binti yangu awe rubani, kila ndege inayopita hunichosha upya.

Yeye harukii huku. Ni rubani msaidizi wa ndege ndogo za mizigo, kwenye nchi ya milima na theluji. Akitua hunibipu, simu inalia mara moja na kukatika, nami ndipo ninaposhusha pumzi.

Mwaka huu alikuja likizo. Alasiri moja tulikuwa tunakaanga maandazi, jasho linatutiririka, akaniambia kitu anachokiogopa kuliko dhoruba: baridi. Kumbe kipimo cha kimo ndani ya ndege hakipimi umbali wa kufika chini, kinapima mgandamizo wa hewa tu. Na hewa ikipoa hunywea, kama andazi likishapoa sahanini. Kwa hiyo kwenye baridi kali kipimo kinasema mko juu, kumbe mko chini zaidi. Kabla ya kushuka kati ya milima, rubani anatakiwa aongeze futi kwenye kimo alichopangiwa. Huku kwetu kosa linaangukia upande mzuri: kwenye joto ndege huwa juu kuliko kipimo kinavyosema.

"Na mkisahau?"

Akageuza andazi. "Tulishasahau, mama."

Rubani mkuu siku hiyo alikuwa mzee aliyezeekea kwenye anga za joto kama letu. Hakuongeza futi. Binti yangu aliona, akasubiri mzee akumbuke mwenyewe. Mawingu yalipoachana, mlima ulikuwa pale pale, karibu kiasi cha kuona mawe yake. Mzee akaipandisha ndege kwa nguvu, wakapona.

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Ni mtu mzima, mama. Ningemkosoaje?"

Nikakaa kwenye kigoda. Hivyo ndivyo nilivyomlea: mkubwa akikosea, inamisha macho, nyamaza, atajirekebisha mwenyewe. Ukoo mzima ulikuwa unamsifu kwa adabu.

Siku zilizofuata nikamfanyisha mazoezi. Nilisema kusudi kwamba Tandale iko Temeke, si Kinondoni. Nilitia chumvi kwenye chai yangu mbele yake. "Nikosoe basi!" Anatabasamu, macho chini: "Labda leo umeipenda hivyo, mama." Nilichoka mie. Kulea mtoto kunachosha. Kumlea upya akiwa mtu mzima, nawe miguu imevimba, kunachosha zaidi. Usiku nilikuwa nauona ule mlima.

Siku ya kuondoka, wifi yangu na majirani walikuja kumuaga. Sebule ilijaa. Jirani mmoja akaniuliza habari za presha.

"Haisumbui," nikamjibu. "Dawa nameza kila siku."

"Humezi," binti yangu akasema.

Wifi yangu akaguna.

"Nameza, mwanangu."

"Humezi, mama. Kopo limejaa vile vile nilivyolikuta." Sauti ilikuwa inamtetemeka, ila macho hakuyashusha.

Aibu ikanipanda mpaka masikioni. Mbele ya wifi yangu! Nilishafungua mdomo nimnyamazishe kama zamani, ndege ikapita juu yetu, ikabidi tusubiri. Naye akasubiri, ananitazama tu. Kelele zilipokwisha nilikuwa bado naona aibu, na nilikuwa na furaha ambayo sijaionja siku nyingi.

"Rudia," nikamwambia. "Kwa sauti hiyo hiyo."

Akarudia. Nikamwomba wifi yangu anipitishie maji.