Bwana Safi na Pakacha la Dada Yake

Lojkar alikuwa mtu safi kuliko wote kisiwani kwetu, na cheo hicho hakujipachika. Alipewa na wataalamu waliokuja kwa meli na kile kiti chao cha kupimia mionzi, na juu yake wakamvika kofia ya kijani. Usafi wenyewe haukuwa wa kuoga. Kuoga alioga kama sisi wengine, mvua ikijaza pipa, na visigino vyake, Mungu anisamehe, vilikuwa na nyufa za kufugia kaa. Alikuwa safi tumboni, yaani kwa mujibu wa wataalamu.

Mambo yalianza zamani, Lojkar akiwa bado ananyonya, Wamarekani walipolipua bomu kisiwa cha jirani ili waone litafanya nini. Wakaona. Vumbi lake likatuangukia sisi, tukahamishwa, tukaishi kwenye ardhi za watu mpaka waliokuwa wananyonya wakaota mvi. Ndipo tukaambiwa turudi, udongo umemwagiwa mbolea, nyumba zipo, ila kila mtu atakuwa anapimwa. Sumu iliyobaki, walisema, imelala ardhini. Mnazi unainyonya, kaa wa minazini anakula nazi, na wewe unamla kaa.

Sasa mtaalamu haamini kitu mpaka apate cha kulinganishia. Walitaka mtu mmoja anayelala hapa, anayevuta hewa hii na kukanyaga vumbi hili, lakini asile cha hapa hata kimoja, ale vya kopo tu. Akipimwa yeye akakutwa hana kitu, basi itajulikana kuwa mionzi ya wengine inatoka kwenye chakula wala si hewani. Wakamchagua Lojkar kwa sababu mkewe alishafariki, hana wa kumpikia, na nyama ya kopo alikuwa anaipenda mapenzi ya kijinga.

Aliyekuwa mkuu wa kiti ni Daktari Pruitt, mwanamke mrefu mwenye pua iliyobabuka kwa jua. Aliyetafsiri ni Calep, mpwa wake Lojkar.

"Mzee Lojkar, unaahidi hutakula dafu?"

"Mwambie mnazi nitaupanda kwa magoti gani?"

"Shelisheli?"

"Sili."

"Kaa?"

Hapo Lojkar alimeza mate kwanza. "Mwambie sili."

"Mjomba, una uhakika?" Calep alimuuliza pembeni.

"Tafsiri wewe. Kazi yako ni mdomo, tumbo ni langu."

Na hakudanganya. Hilo naomba lieleweke, maana wapo wageni waliokuja baadaye wakamwita mwongo, na nilikasirika mno. Kwetu, kula ni kwenda mwenyewe ukachuma, ukavua, ukajipikia. Chakula ulicholetewa na mtu ni habari nyingine kabisa. Hicho hukili, unampokea aliyekileta. Ukikikataa umemtemea usoni yeye, mama yake na ardhi kilikoota. Na akiwa dada yako mkubwa ndiyo usiseme. Kaka hamtanii dada, hambishii, na pakacha la dada halirudi limejaa. Sheria hii haijaandikwa mahali kwa sababu hakuna aliyewahi kuhitaji kuambiwa.

Na Lojkar dada alikuwa naye. Neimon ndiye aliyeshika ardhi ya ukoo, upande wa mama kama ilivyo desturi, mwanamke mfupi wa maneno machache. Kila jioni baada ya sala alipita njiani na mapakacha mawili, moja la mgeni wetu Daktari, jingine la mdogo wake.

"Nina makopo, dada," Lojkar alisema siku ya kwanza, macho chini.

"Nimeyaona. Shika."

"Asante, dada."

Ndani mlikuwa na shelisheli la kuchoma na kaa mzima wa minazini, mafuta yake ya mkiani yakimeremeta. Lojkar alimpokea dada yake mpaka kwenye magamba.

Siku ya kupimwa ilipofika, alivaa kofia yake, akaingia kwenye kontena la wataalamu, akakaa kwenye kiti bila kukohoa. Mashine ikanong'ona, ikatema karatasi. Daktari akaitazama, akaigonga mashine ubavuni, akamkalisha mzee tena. Karatasi ya pili ikasema vilevile. Mtu safi alikuwa na mionzi.

Daktari Pruitt hakuwa mjinga, na ndiyo shida yenyewe. Mjinga angesema mzee kala kaa. Yeye aliwaza kisomi: mtu huyu hali cha hapa, ameahidi mbele ya mkalimani, kwa hiyo sumu imo kwenye makopo. Akapiga marufuku samaki wa kopo. Akaandikia kiwanda huko ng'ambo, nacho kikajibu kwa hasira, kikaambatanisha na kalenda.

Habari zikaenea kisiwani kama moto: wamemnyang'anya Lojkar samaki! Maskini, mjane wa watu. Jioni ile hakuja Neimon peke yake. Alikuja mke wa mchungaji na kaa, akaja jirani na madafu, akaja bibi mmoja asiyeona vizuri na mkate wa tunda la mkadi aliokusudia kuupeleka kwingine.

"Mheshimiwa Kopo, hodi!" waliita mlangoni. "Uko hai?"

"Niko, niko. Piteni."

Alipopimwa tena, namba ilipanda. Daktari akaondoa nyama ya kopo. Lojkar alilia siku hiyo, machozi ya kweli, na wanawake wakapika maradufu. Namba ikapanda. Ukaondolewa mchele. Kisha hata maji ya mvua, akawa analetewa maji ya chupa kutoka ng'ambo, ambayo aliwapa kuku. Mwishowe mtu safi alibakiwa na biskuti kavu peke yake, na akanenepa. Daktari aliandika kwa wakubwa wake kwamba mzee huyu ananenepa kwa biskuti, anazidi kuwa na mionzi, na ana furaha isiyoelezeka.

Tulicheka sana miezi ile. Hatukujua tunachekea nini.

Kwa maana Neimon alikuwa na mjukuu, Rosina, mtoto wa kwanza kuzaliwa kwenye ardhi yetu tangu bomu. Kwetu mtoto akitimiza mwaka ndipo anapofanyiwa sherehe kubwa, kisiwa kizima kinakula mpaka kinashindwa kusimama, kwa kuwa sasa amekuwa mtu wa mahali. Mwaka wake ulikuwa unakaribia. Nguruwe walishachaguliwa, na Neimon alikuwa amefunga kaa wanane chini ya sakafu, akiwanenepesha kwa nazi. Ndipo Daktari alipotuita wote kanisani.

Alisimama na karatasi zake, macho mekundu, na nadhani hakuwa amelala. Alisema amejaribu kila njia. Mtu asiyekula chochote cha kisiwa anazidi kujaa sumu. Basi haitoki kwenye chakula. Inatoka hewani, vumbini, kila mahali, na hakuna mbolea itakayoizuia. Meli itakuja wiki hii. Watu wote wahame, na safari hii hawatarudi.

"Rosina je?" aliuliza Neimon. Ni hayo tu.

"Hasa Rosina," alisema Daktari.

Neimon akakaa. Hakulia. Alianza kukunja kitambaa cha mtoto, akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena.

Lojkar alikuwa benchi la mbele, mahali pa mtu mwenye cheo. Kwa mara ya kwanza tangu avae kofia ile alielewa kiti kilikuwa kinapima nini. Kilikuwa kinapima mapakacha. Akisema, atakuwa amesimama mbele ya kanisa na kukiita chakula cha dada yake sumu. Asiposema, dada yake atapoteza ardhi ya mama yao, na mtoto ataanza kutembea kwenye ardhi za watu. Alitamani sakafu impasukie. Kisha akapiga moyo konde, akavua kofia, akasimama.

"Mwambie Daktari nimekula."

"Umekula nini?" Calep alishtuka.

"Sijala. Nimepewa."

"Mjomba, nitafsiri lipi?"

"Yote mawili, we mtoto! Kwani yanapingana?"

Daktari alisikiliza, akamjia mzee, akamshika mkono kwa huruma. "Mzee wangu, najua unapenda kwenu. Usijisingizie ili kuokoa kisiwa. Nani angekupa chakula, na wote walijua sheria?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, au yalipotengenea, sijui.

"Mimi!" alisema mke wa mchungaji. "Kaa mkubwa alikuwa wangu."

"Mkubwa!" alidakia jirani. "Kaa wako angeingia kwenye kiatu cha mtoto."

"Na madafu yako yalikuwa maji matupu, alinihadithia mwenyewe!"

"Lojkar! Ulisema hivyo?"

"Nani aliyempa shelisheli la kuchachusha? Lilikuwa langu lile, msijifanye."

Kila mkono ukanyooka. Watu wakasimama juu ya mabenchi kugombania nani alimlisha zaidi mtu ambaye hakutakiwa kulishwa. Mchungaji alipiga kengele ya kutuliza watu, kisha naye akakumbusha kuhusu kuku aliyempelekea Lojkar. Daktari alijaribu kuandika, akaacha. Mwishowe akauliza kwa sauti ndogo:

"Kuna mtu yeyote kisiwani hapa ambaye hamkumlisha?"

Calep akakohoa.

"Daktari, usikasirike. Hata wewe. Pakacha la jioni."

"Nilionja tu. Uliniambia nisikatae."

"Ndiyo. Na mapakacha yalikuwa yanarudi yakilia ukavu."

Tukamfuata wote hadi kwenye kontena. Aliingia mwenyewe, akakaa kwenye kiti, mashine ikanong'ona. Alipotoka na karatasi alikuwa anacheka na pua inamtiririka. Namba yake ilikuwa imemzidi Lojkar, kwa kuwa mgeni hupewa mnofu wa mkiani.

Meli ilikuja, ikapewa ndizi, ikaondoka bila mtu wetu hata mmoja. Daktari alitueleza polepole, bila kujificha nyuma ya karatasi: namba zilipanda kila mapakacha yalipoongezeka, kwa hiyo sumu imo kwenye chakula, si hewani. Kwa kiasi tunachokula si ya kuua mtu mzima. Watoto wapewe wali zaidi, kaa awe wa nadra. Tunaweza kukaa. Watu wakashangilia hadi mbwa wakakimbilia majini.

Neimon hakushangilia. Jioni hiyo hakupita na pakacha, wala iliyofuata. Lojkar alikaa mlangoni akitazama njia. Makopo yote alikuwa amerudishiwa, samaki, nyama, kila kitu, na hayakupita kooni. Alimtuma Calep.

"Anasema amekulisha sumu kwa mkono wake mwenyewe," Calep alirudi na jibu. "Anasema kama angekuchukia asingefanya vizuri zaidi."

Siku ya Rosina ikafika. Mtoto alivishwa shada la maua akalila nusu. Nguruwe walikuwepo, wali ulikuwepo mlima mzima, na makopo yamefunguliwa kwa heshima. Kaa wanane walikuwa wamepikwa, kwa kuwa hakuna sherehe bila kaa, lakini Neimon alikuwa amewaweka mwisho wa mkeka, amewafunika majani, na alikaa kando yao kama anayelinda maiti. Alimgawia kila mtu chakula kwa mkono wake isipokuwa hao kaa. Alipofika kwa Lojkar alimpa bakuli la nyama ya kopo, ile aipendayo, bila kumtazama usoni.

"Asante, dada," alisema Lojkar, akaipokea, akaiweka chini.

Kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kuliona kabla ya hapo wala baadaye. Alitambaa kwa magoti yake mabovu mpaka mwisho wa mkeka, mbele ya watu wote, akafunua majani. Hakungoja kupewa. Kaka mtu alinyoosha mkono akachukua chakula cha dada yake kama mwizi, kaa mnono kuliko wote, akamvunja mkia, na mafuta yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko.

"Lojkar!" Neimon alisema. "Unajua kilichomo."

"Najua, dada," alisema, mdomo umejaa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumbishia. Akageuka kumtafuta mpwa wake. "Calep! Mwambie Daktari aandike. Leo nimekula."