Yesi ya Mama

Juzi, mpakani Busia, bibi mmoja alimjibu afisa "yesi" kwa kila swali, nami nikasikia tena harufu ya karanga alizokaanga mama kijijini kwetu Dabani nilipokuwa mtoto, siku Mzungu wa serikali alipokuja kukamata wanaume wakavunje mawe Tororo kwa lazima.

"Mumeo yuko wapi?" Mzungu alimuuliza mama kwa Kiingereza.

"Yesi."

"Amekwenda Kenya?"

"Yesi, bwana."

Nilimwonea mama aibu. Mimi nilikuwa nimeanza shule, na jibu sahihi nilikuwa nalo: baba yumo ghalani, nyuma ya magunia ya wimbi. Nilipofungua mdomo, mkono wa mama ulinibana shingo. Nilidhani anaona haya kwa kutojua Kiingereza.

Mzungu alichoka, akaondoka. Mkono ule haukuniachia hadi karanga zote zilipoungua.