Mama Mshipa na Shangazi Mwenye Kipimajoto

Saa mbili asubuhi, chumba cha dripu cha wagonjwa wa saratani bado hakijajaa, na muuguzi ambaye kila mtu hapa anamwita Mama Mshipa ameushika mkono wa mtu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, anausugua kama anayefua soksi.

"Mishipa yako ina aibu," anamwambia mwenye mkono. "Inajificha kama mchumba aliyekuja kuposa mikono mitupu."

"Na wewe ungeiona hiyo sindano yako ungejificha."

Mwenye mkono ni msusi wa miaka thelathini na minne. Kichwani ana kofia ya sufu, na chini ya kofia hana kitu. Leo ni dripu yake ya sita, ya mwisho, ikiwa damu yake itakubali. Wiki iliyopita iligoma: chembe nyeupe, zile zinazoulinda mwili, zilikuwa chache mno, akarudishwa nyumbani na dawa yake ikabaki. Asubuhi hii damu imekwenda tena maabara, na jibu halijarudi.

Mama Mshipa hangoji jibu. Anaupasha joto mkono wa kushoto, kwa sababu titi lililofanyiwa upasuaji ni la kulia, na mkono wa upande huo hauchomwi.

"Mshipa unabembelezwa mapema," anasema. "Ukiubembeleza kwa haraka unajua una shida nao."

Pembeni, juu ya kiti cha plastiki kinacholalamika kila akipumua, ameketi shangazi wa msusi. Shingoni amening'iniza kipimajoto kwa kamba ya kiatu. Usimuulize kama anaweza kukivua.

Mama Mshipa alikuwa mkunga kwa miaka kumi na mmoja kabla hajaja huku. Aliomba kwenda kusomea uuguzi wa saratani baada ya kumzika kaka yake, fundi bomba, aliyekuwa akitibiwa saratani ya damu. Kaka huyo alipata homa akiwa nyumbani, siku chache baada ya dripu.

"Tulimpa vidonge vya maumivu, tukamfunika blanketi mbili, tukangoja ishuke," anasema. "Wiki ile saratani haikumuua kaka yangu. Aliuawa na homa ambayo hakuna mtu aliyetuambia tuiogope."

Wakunga wenzake walimcheka. Walimwambia ametoka mlango wa kuingilia duniani, anahamia mlango wa kutokea.

"Nikawaambia hata mlango huo unahitaji mtu wa kuuliza: wewe, unakwenda wapi na haraka hiyo?"

Leo wako wauguzi wawili kwa viti ishirini na viwili. Sindano ni sehemu ndogo ya kazi. Kuna mume anayeogopa kunywea kikombe cha mkewe, wala hana haja ya kuogopa. Kuna watoto wanaotaka kujua kama mama atapona, na kuna wakwe wenye ushauri mwingi. Wote hao Mama Mshipa huzungumza nao kwenye ujia, kando ya kabati la mashuka, kwa sababu chumba cha mazungumzo hakipo.

Ana utaratibu wake mmoja ambao hakufundishwa chuoni. Kila familia ina mpinzani, yule anayesema dawa za hospitali zinaua. Wauguzi wengi wakimwona hukumbuka kazi upande wa pili. Mama Mshipa humtafuta.

"Yule ana sauti, ana ubishi, na nyumbani wanamwogopa," anasema. "Mtu kama huyo nimwache akae bure?"

Shangazi alikuwa mpinzani wa daraja la juu. Baada ya dripu ya pili nywele za msusi zilidondoka zote, na mtu ambaye mkate wake ni nywele za wenzake akajifungia chumbani. Nani atasukwa na msusi mwenye upara? Chakula kilipanda, hakikushuka. Siku ya dripu ya tatu, shangazi alikuja na mfuko mkubwa kufungasha vitu vya mpwa wake.

"Nilimleta na uvimbe mmoja, mmempa magonjwa saba," alitangaza, na chumba kizima kikasikia. "Tunakwenda zetu."

Mama Mshipa hakubishana. Alimpeleka kwenye kabati la mashuka.

"Shangazi, nyumbani kwenu nani anayejua nani amekula na nani hajala?"

"Mimi."

"Nani akisema jambo halipingwi?"

"Mimi. Kwani kuna mwingine?"

"Basi kosa ni langu. Siku zote nimekuwa nikizungumza na wasio na madaraka."

Akamtolea kipimajoto mfukoni. Akamweleza kwamba dawa inaua saratani lakini inapunguza na walinzi wa mwili, ndiyo maana homa isichezewe. Ikifika nyuzi thelathini na nane, si kidonge, si blanketi: ni hospitali saa hiyo hiyo. Akaongeza kwamba akigundua amedanganywa, arudi amtukane mbele ya daktari.

"Hapo ndipo aliponipata," anasema shangazi. "Maana hamu nilikuwa nayo."

Nyumba ile haikupumua tena. Msusi alipimwa asubuhi, mchana na jioni. Majirani walipimwa. Shemeji mwenye mafua alizuiwa mlangoni akiwa amebeba zawadi; zawadi ilikaribishwa ndani, shemeji hakukaribishwa.

Wiki ya kwanza tu, shangazi alimkimbiza mpwa wake hospitali kwa pikipiki, nyuzi thelathini na tisa. Walipompima hapo hakuwa na homa. Kumbe alipopimwa nyumbani alikuwa amejikunja kitandani, chupa ya maji ya moto iko kwapani. Wauguzi walijificha nyuma ya pazia wacheke.

"Mimi sikucheka," anasema Mama Mshipa. Kisha anafikiri kidogo. "Nilicheka baadaye. Siku ile nilimwambia amefanya vizuri, na kesho akiwa na shaka aje tena."

Akaja tena. Ilikuwa Jumamosi mchana, baada ya dripu ya nne, nyumbani kuna wageni. Msusi alisema hajisikii vibaya, amechoka tu. Kipimajoto kilisema thelathini na nane nukta nne. Ndugu wakashauri asubiriwe hadi Jumatatu.

"Sikuitisha kura," anasema shangazi.

Ndani ya saa moja msusi alikuwa na dawa ya kuua vijidudu mshipani. Alilazwa siku tano. Daktari aliwaambia kwamba Jumatatu isingemkuta.

Saa nne kasorobo, mtu wa maabara anaingia na karatasi. Shangazi anaacha kupumua, hata kiti kinanyamaza. Mama Mshipa anasoma, anainua uso.

"Zimetosha. Zimezidi."

"Soma tena," anasema shangazi. "Polepole, kama unayemsomea mjinga."

Anasomewa tena. Sindano inaingia mara moja, mshipa haukupata nafasi ya kuona aibu. Picha za mwezi uliopita hazikuonyesha uvimbe wowote, na baada ya leo msusi atakuwa anakuja kuangaliwa tu. Ncha za vidole bado zina ganzi, lakini juzi alimsuka mtoto wa jirani. Wateja wanamngoja. Mmoja amemtumia ujumbe kwamba sasa ndipo wamepata msusi asiyewaringishia nywele.

Mama Mshipa naye ana lake. Hospitali imekubali kuhamisha vitanda vibovu vilivyojaa katika stoo moja, na mwezi ujao stoo hiyo itakuwa chumba cha mazungumzo, chenye mlango unaofungwa. Anataka kila mgonjwa atoke humo na kipimajoto, pamoja na ndugu mmoja anayejua kukitumia. Mwalimu ameshampata.

Kabla dripu haijafika nusu, mwanamume mmoja anaingia na mkewe, anamkatiza mtu wa mapokezi kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Hataki mkewe awekewe sumu. Yeye si mtoto, anajua mambo.

Muuguzi wa pili anainama kutafuta kalamu ambayo haijaanguka. Mama Mshipa anamgeukia shangazi, na shangazi ameshasimama, anavua kamba ya kiatu shingoni.

"Karibu, baba," anasema, akimwonyesha kile kiti cha plastiki. "Kaa hapa. Nyumbani kwenu nani akisema halipingwi?"