Mwaka Nilioachiwa Bustani ya Mama

Mama aliondoka mwezi wa kwanza, wakati wa jua. Alikwenda Banalia kumwangalia koko, mama yake, aliyeanguka akitoka mtoni na kuvunjika mguu. Moto, ile pikipiki ya kumpeleka, ilikuwa imeshawashwa pale mlangoni, mama akanivuta mkono hadi nyuma ya nyumba, kwenye bustani.

"Hii nakuachia weye. Nikirudi, niikute."

Nasema ukweli, sikuwa mtu wa bustani. Nilikuwa mtu wa daftari. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na hata mwalimu akiniuliza jambo ninalolijua, nilikuwa natazama meza. Lakini nilimwitikia mama ndiyo, na moto ilipopotea kwenye vumbi nikaona siwezi tena kuirudisha hiyo ndiyo.

Jumapili iliyofuata akaja tonton, mdogo wake papa. Kazi yake ni kufyatua matofali. Alisimama katikati ya matuta, akachota udongo, akauminya. Alipofungua kiganja, udongo ulikuwa umeshika alama za vidole vyake.

"Grand frère," akamwambia papa, kaka yake, "huu udongo iko ya matofali kabisa. Mama ya batoto haiko. Nani atalima?"

Papa alinitazama. Mimi nilitazama chini.

"Bon, tungoje," papa akasema. "Ikikuwa pori, utachimba. Ikibakia bustani, utatafuta fasi ingine."

Mtaani kwetu kila mtu anajua kiwanja kinavyokuwa baada ya matofali. Kinabaki shimo. Mvua inalijaza, vyura wanahamia, na hapo hapaoti kitu tena. Usiku huo niliandika kwenye daftari langu sentensi moja tu: haitachimbwa.

Kila asubuhi kabla ya shule nilichota maji kisimani nikamwagilia pilipili na matembele. Mvua zilipoanza mwezi wa tatu nikamwaga mbegu za lenga-lenga, mchicha wetu, zile mama alizozifunga kwenye kitambaa. Nilikuwa nimeona mama akifunika kitalu kwa majani ya mchikichi, ili matone makubwa yasizichimbue mbegu. Nikafunika. Kitu ambacho sikuwahi kukiona ni siku anapoyaondoa. Mvua ilipiga siku nyingi, na mimi nikaongeza majani juu ya majani.

Nilipofunua, mimea ilikuwa mirefu, myeupe, myembamba kama nyuzi. Mdogo wangu wa kike, mwenye miaka tisa na mdomo wa watu wanne, aliinama akaangalia.

"Yaya," ndivyo anavyoniita mimi mkubwa wake, "hii si lenga-lenga. Hii ni makaroni!"

Nilicheka kwa hasira. Halafu nikaiacha wazi saa sita mchana, jua kali. Ilipofika jioni, yote ilikuwa imelala chini, imekufa. Mama alipopiga simu akauliza kama lenga-lenga imeota. Nikajibu: "Imeota, mama." Iliota kweli. Sikusema iliyobaki.

Mbegu zilikuwa zimekwisha. Jirani yetu, mama mmoja aliyetoka Maniema, alikuwa na lenga-lenga mpaka kwenye uzio. Siku tatu nilikwenda mpaka mlangoni kwake na kurudi bila kupiga hodi. Siku ya nne mdogo wangu alinifuata nyuma, na kabla sijamziba mdomo akapiga kelele:

"Mama jirani! Yaya yangu anataka mbegu, lakini anaona haya!"

Jirani alitoka akicheka, mikono imejaa unga. "Alors weye, mudomo yako ni ya kukulia tu?" Lakini alinipa mbegu kikombe kizima, na akanieleza: ukiona kijani cha kwanza, unaondoa majani, tena jioni, si mchana. "Mutoto akisha kuzaliwa, unamurudisha tumboni?"

Nilimwaga upya. Safari hii nilichungulia chini ya majani asubuhi na jioni, hadi mdogo wangu akasema nimekuwa daktari. Ikaota, kijani. Mwezi wa tano tulikula lenga-lenga yangu na samaki, na papa akajiongezea sahani ya pili.

Mwezi wa sita mvua zilipungua, nikafanya mitihani na mikono yenye nyufa. Mwezi wa nane mvua zilirudi, na mbinzo, wale viwavi wa kuliwa, zikaanza kuuzwa kila kona. Wenzangu walikwenda kuziokota msituni, mimi nikabaki na jembe. Mwezi wa tisa mvua moja ya usiku ilibomoa matuta mawili. Nikayainua, nikachimba mifereji pembeni, nikamwaga mbegu tena, nikafunika.

Kesho yake, Jumamosi, tonton akafika na chepeo ya kuchimbia, kamba na kiunzi cha matofali. Papa alikuwa anaoga. Mdogo wangu, msemaji wangu, alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Tonton aliona yale matuta yaliyofunikwa, akadhani ni takataka, akaanza kupima kwa kamba.

Nikamsogelea.

"Tonton, toa muguu."

Akageuka. "Ha! Kumbe huyu anajuaga kusema?"

"Umekanyaga mbegu. Nilizimwaga jana. Papa alisema kama ikikuwa pori. Hii haiko pori."

Niliingia kati yake na tuta, nikasimama. Papa akatoka na sabuni masikioni.

"Grand frère, mutoto yako ananifukuza!"

Papa aliinama, akafunua jani moja, akaangalia mbegu, akaangalia mifereji, halafu pondu, kisamvu chetu kule nyuma, ndefu kunipita mimi.

"Iko bustani," akasema. "Tafuta fasi ingine."

Tonton alikunja kamba yake polepole. "Bon. Basi hata fungu moja ya pondu, chef wa majani?" Nikamkatia kubwa.

Mama alirudi mwezi wa kumi na mbili, pamoja na koko na fimbo yake. Hata maji hakunywa, alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba.

"Matuta yako iko kombo," akasema. Alikuwa anatabasamu.

Nikamweleza habari ya lenga-lenga ya kwanza. Akasema anajua, jirani alimpigia simu siku ileile aliyonipa mbegu.

Asubuhi yake nilimkuta ameshika jembe, anataka kuanza kulima yote peke yake. Nikamwambia hapana, nusu ni yangu. Alinitazama kidogo, akachora mstari katikati ya bustani kwa kisigino.