Mlinzi wa Ghorofa ya Thelathini na Moja

Kabla hujaniambia kwamba ulikuwa uchovu, nikwambie mapema kwamba nimeshalifikiria hilo. Nimefikiria uchovu, nimefikiria baridi, nimefikiria hata gesi ya jiko kuvuja, nikanunua kile kifaa cha kupima hewa nikakibandika ukutani. Hakijawahi kulia hata siku moja. Nilikuwa macho, nilikuwa nimekula, na nilikuwa na kikombe cha chai mkononi. Haya yalinitokea mimi mwenyewe, Thamesmead, hapa London, saa kumi jioni. Ukitaka kucheka, cheka sasa.

Na usidhani saa kumi ni mchana. Desemba huku, saa kumi jua limeshazama, taa za barabarani zimewaka na watoto wanarudi kutoka shule gizani. Mtu wa pwani hazoei. Mimi nina miaka mitano huku na bado kila Desemba najiuliza tumekosa nini.

Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka ule, digrii ya usanifu majengo, na kazi niliyoipata haikuwa ya kusanifu chochote. Ilikuwa kampuni ndogo, ofisi yake Kilburn juu ya duka la vitambaa, inayowauzia watu wa kwetu walioko Uingereza fleti za Mombasa ambazo bado zinajengwa. Siku mbili kwa wiki nilikwenda ofisini, zilizobaki nilifanya kazi nyumbani kwa Mamkubwa, dada yake mama, ambaye ndiye aliyenipokea nilipokuja. Yeye hutunza wazee majumbani kwao, hutoka alfajiri na kurudi usiku. Tunakaa ghorofa ya kumi na tatu. Juu yetu hakuna mtu, ni paa tu. Likumbuke hilo.

Wiki ile bosi alinipa kazi ya kuandika ukurasa mmoja: majengo kumi marefu kuliko yote Mombasa. La kwanza liwe la Nyali, lile tunalouza sisi, ingawa lilikuwa halijaisha. Mtu mwingine angeandika kwa nusu saa. Mimi nilichukua siku tatu. Je, jengo lisiloisha lina urefu? Tangi la maji juu ya paa ni sehemu ya jengo, au ni tangi tu? Hoteli za ufukweni zenye minara ya mapambo je? Nilimwandikia bosi maswali kumi na moja. Akanipigia simu.

"Binti," akasema, "watu wanataka kuona bahari wakiwa kitandani. Hakuna aliyeuliza habari za tangi. Niandikie ghorofa ngapi, basi."

Basi mchana ule nikampigia mdogo wangu, Fadhili, ambaye ni fundi umeme kwenye jengo hilohilo. Kazi ile nilimtafutia mimi kwa kumwomba bosi. Na hilo pia likumbuke, maana mimi silisahau.

"Zimefika ghorofa ngapi?" nikamuuliza.

"Thelathini na moja. Kwani wataka kuhamia? Njoo na Mamkubwa. Lifti bado, lakini ngazi zipo, mtafika Idi."

"Ya juu imeisha?"

Akajibu kwa sauti ya chini. Fadhili hana sauti ya chini, jamani. Ni mtu wa kuongea hata akipiga mswaki.

"Slabu ya sakafu imemwagwa," akasema. "Lakini watu hawaipandi."

Akanieleza. Nyaya zilikuwa zikiibiwa, kwa hiyo kampuni ya ujenzi ikaweka mlinzi akae juu kabisa usiku kucha, mzee mmoja kutoka Kaloleni. Sheria ya ulinzi pale ilikuwa moja. Mlinzi hashuki mpaka anayempokea zamu atajwe jina kwenye redio ya mkononi, na mwenyewe aitike. Asubuhi moja wa kumpokea hakuja. Mzee akangoja mchana kutwa, juani, hakushuka, maana hakutajiwa jina. Usiku ukaingia tena. Kulipokucha hakuwepo. Viatu vyake vilikuwa ukingoni, vimepangwa vizuri, kama vya mtu aliyeingia msikitini.

"Wakubwa wanasema amerudi kwao Kaloleni," Fadhili akasema. "Haya, amerudi peku? Na chini kulimwagwa mchanga mpya siku ileile, gari zima. Tangu hapo, dada, kila jioni redio ya langoni hulia. Sauti inauliza, nani ananipokea? Walinzi wote wameacha kazi. Sasa msimamizi anasema mafundi umeme tutalinda nyaya zetu wenyewe, kwa zamu."

"Na zamu yako lini?"

"Kesho."

"Usipande, Fadhili."

"Nisipopanda sina kazi. Na wewe usimwambie Mama. Nitavaa mkanda, nitasoma Ayatul Kursi, nitalala." Akacheka, lakini kicheko chake kilikuwa kifupi. "Wewe andika thelathini na moja. Usianze kufikiria."

Usianze kufikiria! Nilikaa mbele ya kompyuta saa mbili nzima. Niliandika barua kwa msimamizi nikaifuta. Nikaandika kwa bosi nikaifuta. Nje kukawa giza. Nikachemsha chai.

Ndipo nikasikia mlangoni: "Hodi."

Sijui kama unanielewa. Katika jengo letu hakuna anayesema hodi. Mgeni hubonyeza kengele ya chini umfungulie lango, mleta vifurushi hupiga mlango kama polisi, na jirani haji kabisa. Miaka mitano nilikuwa sijabishiwa hodi. Ikaja ya pili, taratibu, "Hodi wenyewe," kwa sauti ya mzee wa kwetu. Ya tatu haijaisha, mdomo ulikuwa umeshajibu: "Karibu!"

Mlango niliufungua mwenyewe. Ningesema ulifunguka peke yake hadithi ingekuwa nzuri zaidi, lakini sisemi uongo.

Alikuwa mzee mrefu, mwembamba, sweta la kijivu limekaa vibaya begani, nywele zina vumbi. Miguu mitupu. Nami unajua niliwaza nini? Niliwaza, mtu mwenye adabu huyu, amevua viatu nje. Nikadhani ni mtu wa Mamkubwa, labda wa msikitini, labda mjomba wa wale Wakenya wa ghorofa ya nne. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba, akapita hadi dirishani akasimama hapo, anaangalia chini kwenye taa.

"Keti, mzee."

"Nimezoea kusimama," akasema. "Hamjambo humu?"

"Hatujambo."

"Na nyumbani? Mama hajambo?"

Hapa ndipo nilipokosea, na kosa langu Mwingereza hawezi kulifanya. Sisi tumelelewa hivyo. Mgeni humuulizi shida yake mlangoni. Unamwacha akujulie hali, akuulize mmoja mmoja, nawe unajibu mmoja mmoja, kwa majina. Hapa London watu wanakuuliza hujambo huku wanaondoka. Nilikuwa na njaa ya kuulizwa. Maneno yakanitoka kama maji ya bomba. Mama hajambo, mguu tu. Bibi hajambo, macho yamepungua. Mamkubwa yuko kazini.

"Na yule wa mwisho?"

"Fadhili? Hajambo. Yuko kazini Nyali, kwenye lile jengo refu."

"Kesho je?"

"Kesho ana zamu juu."

"Fadhili nani, mwanangu?"

Nikamtajia jina la baba. Nikamtajia na la babu.

Mzee akafumba macho kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Ahsante," akasema. "Nilidhani hawataniambia kamwe."

Akatoa redio kiunoni, moja ya zile nyeusi nzito za walinzi. Alipoinua mkono, vumbi likamwagika kwenye zulia, na harufu ya saruji mbichi ikajaa chumbani. Hapo nikatazama miguu yake vizuri. Ilikuwa imefika mpaka zuliani, lakini nyuzi za zulia chini yake hazikulala. Zilisimama wima kama hakuna aliyezikanyaga.

"Fadhili," akaita redioni, na la baba, na la babu. Redio ikakoroma. Akaita mara ya pili. Ndani ya ule mkoromo nikasikia upepo, upepo wa juu sana, halafu nikasikia mtu anavuta pumzi kama anayetaka kujibu. Pumzi ile naijua. Nimelala naye chumba kimoja miaka kumi na nne.

Nikasema, "Mzee, si yeye."

Akanigeukia. Hakuwa na hasira, niamini. Angekuwa na hasira ningepata nafuu. "Jina likishatajwa halifutwi," akasema. "Hubadilishwa tu. Ni nani, basi? Nimechoka."

Sasa nitakwambia jambo ambalo sijamwambia hata Mamkubwa. Jina la kwanza lililonijia halikuwa langu. Lilikuwa la bosi, majina yake yote matatu, kama yalivyo kwenye mkataba wangu. Yalifika mpaka kwenye ulimi. Halafu likaja la msichana mmoja wa chuoni ambaye hakunitendea ubaya wowote isipokuwa kupata kazi kabla yangu. Nilipima. Mzee ameinua redio kwa mara ya tatu, mdogo wangu anavuta pumzi, nami nimesimama na kikombe napima nani ana watoto na nani hana! Nikasikia Fadhili akianza, "Na..."

"Mimi," nikasema. Nikataja jina langu.

Sijui kama ulikuwa upendo. Watu wakisikia wanasema ulikuwa upendo. Mimi nadhani muda uliisha, na jina la karibu lilikuwa hilo.

"Wewe uko mbali, mwanangu," mzee akasema.

"Niko juu vilevile."

Alinitazama sana, kisha akaniletea redio mdomoni. Ilikuwa ya baridi na ina chumvi. "Itika."

Nikaitika: "Nipo."

Akanipa mkono, mkavu kama mfuko wa saruji, akatoka. Nikakimbilia mlangoni. Nje hapakuwa na viatu. Ila nilimsikia kwenye ngazi, anashuka polepole, anahesabu kwa sauti kama watoto wafanyavyo: thelathini na moja, thelathini, ishirini na tisa. Katika jengo la ghorofa kumi na tatu. Nilisimama pale mpaka akafika moja.

Mamkubwa aliporudi, neno la kwanza lilikuwa, "Nani kanimwagia saruji kwenye zulia?" Nilipomweleza hakunipigia kelele. Alifukiza ubani mpaka king'ora cha moshi kikalia na jirani akatoka na nguo za kulalia, ndiyo mara ya kwanza kumwona usoni tangu nihamie. Alipokizima Mamkubwa akauliza, kwa sauti ndogo, "Uliitika kabisa?" Nikamwambia ndiyo. Akakaa kitako pale pale sakafuni na viatu vyake vya kazi.

Fadhili alipanda siku ya pili, akalala usingizi wa pono, akashuka asubuhi. Alisema kitu kimoja tu, kwamba jioni ya kabla yake alikuwa anakula chumbani kwake akahisi ameitwa, akafungua mdomo kujibu, halafu hamu ikamtoka. Redio ya langoni haijalia tena. Jengo limeisha, limejaa watu, na kwenye ukurasa wangu ndilo la kwanza.

Mimi je? Kila ikifika saa moja ya usiku ya Mombasa, nyayo zangu hushika saruji mbichi. Upepo huanza. Nikiwa juu, sishuki. Miguu hukataa mbele ya lifti mpaka kukuche, na usingizi hauji. Kazi ya Kilburn ilikwisha kwa sababu hiyo, maana walinikuta asubuhi nimesimama dirishani ofisini, mara tatu. Daktari ameandika kwamba ni wasiwasi. Nimekuwa na wasiwasi tangu darasa la tatu, naujua ulivyo, na haunuki chumvi. Mwezi uliopita Fadhili aliniambia wapangaji wa juu wamelalamika kuna mwanamke husimama nje ya kibaraza chao jioni, mahali pasipo na sakafu, amejikunyata kwa baridi katika joto lile lote. Akaniuliza kama niko salama. Nikabadilisha mazungumzo.

Kwa hiyo onyo langu silitoi juu ya majini wala majengo marefu. Nalitoa juu yangu. Sheria ya mzee sasa ni yangu: nitashuka siku nitakapotajiwa jina. Juzi jioni nilijikuta mlangoni kwa yule jirani. Alinifungulia kwa tabasamu, maskini, tangu siku ya king'ora ananipenda. Nikamuuliza mama yake hajambo. Nikamuuliza watoto. Alikuwa anaanza kunitajia wa kwanza nilipojiziba masikio nikakimbia, yeye ananiita nyuma yangu, "Kuna nini?"

Nilikimbia juzi. Jana nililala kwa dakika kumi tu, na nimechoka, tena nimechoka sana. Nikija kwako jioni, hata kama tumesoma pamoja, hata nikilia, usinitajie mtu wako yeyote. Funga mlango.