Msasa Juu ya Bunduki ya Baba

Nakumbuka siku moja niliyojiona fundi kuliko maseremala wote wa Mafiga, mwanangu. Hadi leo nikishika msasa naona aibu.

Baba alikuwa amefariki, akatuachia kijijini kwetu Mlali bunduki ya mitutu miwili, kazi ya mikono ya zamani, yenye kanga wawili waliochongwa kwenye chuma chake. Aliitumia kufukuza nguruwe pori shambani. Vibali vya polisi vilipokamilika, mama akanikabidhi niipeleke mjini ikauzwe, mdogo wangu Kolasta apate kusoma uuguzi.

Sasa mimi seremala mzima, nipeleke mjini kitu kichakavu? Nikakipiga msasa kitako chake, ule mpini wa mbao unaoegemezwa begani, mpaka kikawa cheupe, nikakipaka vanishi mara tatu. Iling'aa, mwanangu! Bwana harusi angeonekana mchafu kando yake.

Mzee Karim, Mhindi mwenye duka la vifaa vya uwindaji, ndiye aliyejua thamani ya bunduki za kale. Aliitikia shikamoo yangu, akaifungua, akachungulia mitutu kuelekea dirishani, akalinganisha namba za mtutu na zile za chuma cha chini yake. Akaguna kwa kuridhika. Kisha akapapasa kitako, uso ukamshuka.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi, mzee. Nimeisafisha."

"Hukusafisha, kijana. Wanaokusanya bunduki hizi wanataka rangi ya fundi wa kwanza na alama za mikono iliyoishika. Zote umezikwangua. Nusu ya thamani imebaki kwenye msasa wako."

Nililia palepale dukani, na ndevu zangu. Nilikuwa nimekwangua masomo ya Kolasta.

Mzee akaniacha nilie. Kisha akakitazama tena kile kitako. "Lakini mkono unao. Nina vitako vimepasuka hapa. Utaviunga, bila kugusa pasipopasuka. Utaweza?"

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nusu ya bei aliyonilipa mzee kwa bunduki ile, pamoja na ujira wa kazi ya mwaka mzima kwake, vilimfikisha Kolasta chuoni. Leo ndiye anayenipima presha na kunigombeza kwa chumvi.

Kizuri chajiuza, mwanangu. Mimi nikajitia kukipamba. Ukirithi kitu cha kale, usikiguse kabla hujamuuliza anayekijua. Na ukiharibu, usikimbie. Lia ukitaka, kisha uliza kazi gani imebaki.

Mungu akujalie mkono wenye subira. Na siku mkono huo utakapokosea, akukutanishe na mtu atakayeona kwamba bado unafaa.